Mstari wa chini wa kompyuta umejaa aikoni nisizozijua, naziondoaje?

dada_wa_rimu

Habari za jioni wakuu. Nina steshenari ndogo hapa Morogoro karibu na chuo, kompyuta ni moja tu, used, Windows 10, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 4. Shida yangu ni ule mstari wa chini, wenyewe mnauita taskbar, umejaa vidude mpaka kero. Leo mchana umeme ulikuwepo wateja hakuna nikakaa nikahesabu, kuanzia pale kwenye alama ya Windows mpaka kwenye saa nimepata aikoni 23, na ninazotumia mimi ni Word, Excel, Chrome, skana na lile folda la njano basi, hizo nyingine sijui nani kaziweka.

Kuna kawingu kanaonyesha joto, ukipitisha tu mausi hata hujabonyeza linafumuka libango la habari za mastaa linafunika kazi ya mteja. Kuna kakamera kapo karibu na saa, sijawahi kukatumia tangu ninunue mashine. Kuna brauza mbili zinafanana kama mapacha. Kuna moja nyeupe tupu kama karatasi, ukibonyeza haifungui kitu. Wateja ndo wananichosha, mtu anakuja na flashi yake namwambia fungua mwenyewe uchague kurasa, anabonyeza anachokiona mbele yake tu, mara kafungua hiki mara kile, foleni inasubiri.

Kilichonifanya niandike ni cha juzi. Kuna kijana yuko field (mafunzo kwa vitendo) hapa dukani nikamwambia hebu punguza hivi vitu, akapunguza kweli, akaondoa na Excel. Asubuhi nafika naangalia pale Excel haipo, na daftari langu lote la madeni liko humo, kuna watu nawadai tangu mwezi wa tatu. Aisee nilikaa chini. Mpaka mwalimu mmoja aliyekuja kutoa kopi akaniambia andika jina lake pale pa kutafutia, nikaandika, ikafunguka, madeni yote yamo. Tangu hapo naogopa kugusa. Nauliza, ukiondoa aikoni programu inafutika au haifutiki? Na kwa nini nyingine zinakubali kutoka nyingine zinakataa?

Gheto_Tech

Piga Windows upya dada, hiyo mashine imechoka. Elfu kumi na tano tu nakufanyia, na antivirus juu.

mzee_wa_solda

@Gheto_Tech mtu kakwambia nyumba ina nzi we unamwambia abomoe ukuta. Acha hizo.

Dada yangu pole kwa presha ya Excel. Jibu la swali lako la kwanza ni haifutiki. Ile aikoni pale chini ni njia ya mkato tu, ni kama kibao cha nje kimeandikwa "duka liko huku", ukiking'oa kibao duka lipo palepale na bidhaa zake. Programu yenyewe inakaa kwenye diski na faili lako la madeni linakaa sehemu nyingine kabisa, hata ungeaninstoo Excel nzima faili la madeni lisingeguswa, ungekosa tu cha kulifungulia. Kwa hiyo huyo kijana wa field usimgombeze sana.

Sasa kwa nini nyingine zinatoka nyingine hazitoki, ni kwa sababu huo mstari ukiuangalia unaona kitu kimoja lakini humo ndani kuna makundi kama matatu na kila kundi lina mlango wake wa kutokea, na watu wengi wanahangaika kwa sababu wanatumia dawa ya kundi moja kwa yote.

Kundi la kwanza ni zile zilizobandikwa, zinakaa kushoto, zipo muda wote hata kama hujafungua kitu. Hizo peleka mausi juu yake, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi, itatoka orodha, chini kabisa kuna maneno "Unpin from taskbar", bonyeza, imeondoka. Ndo alichofanya kijana wako kwa Excel. Kuirudisha ifungue Excel kwa kutafuta kama ulivyofanya, ikiwa wazi itaonekana chini, ibonyeze kwa kulia chagua "Pin to taskbar". Sekunde tano. Angalia pia kama ina kamstari chini yake, ikiwa na kamstari maana yake imefunguliwa muda huo, hiyo ukiifunga yenyewe inaondoka kama haikubandikwa.

Na hapo hapo, ukifungua Word tano unaona vibao vitano vimejipanga vina majina marefu au kimoja tu? Kama ni vitano basi nusu ya ule msongamano ndo huo. Bonyeza kulia sehemu tupu ya mstari, ingia "Taskbar settings", shuka mpaka "Combine taskbar buttons" weka "Always, hide labels". Zitajikunja ziwe aikoni moja.

Kundi la pili ni vitu vya Windows wenyewe, hivi havina Unpin ndo maana vinakukatalia. Hicho kiwingu chako kiko humu, Microsoft walikileta kwa apdeti mwaka 2021. Bonyeza kulia sehemu tupu ya mstari, siyo juu ya aikoni, tafuta palipotupu kabisa, utaona "News and interests", ndani yake chagua "Turn off". Kwaheri mastaa. Kama wewe mwenyewe unalipenda lile joto basi usizime, toa tu tiki kwenye "Open on hover" halitafumuka tena mpaka ulibonyeze. Orodha hiyohiyo ina "Search", lile boksi refu la kutafutia linakula nafasi kubwa, weka "Show search icon" libaki kadude kadogo, usilifiche kabisa maana ndo limekuokoa juzi. Ukiona na vitu vya Cortana, Task View, People, toa tiki zote kama huvitumii, hakuna kitakachoharibika.

Kundi la tatu ni kule kulia karibu na saa. Hapa ndo watu wanajidanganya sana kwa hiyo nisome taratibu. Vile vidogo vya pale siyo vibao vya kuelekeza, ni programu ambazo zinatembea muda huo huo kimya kimya. Unaweza kuvificha, na kuvificha hakuvizuii kula RAM yako, na wewe una 4 tu. Kakamera ni rahisi, bonyeza kulia chagua "Hide", kanaitwa Meet Now, hakana kazi dukani kwako. Vingine ingia tena Taskbar settings, tafuta "Select which icons appear on the taskbar", utaona swichi nyingi, unazima usizotaka kuziona, zinahamia kwenye kale kamshale kanakoangalia juu. Ila ukitaka kitu kisitembee kabisa siyo hapo. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, chini kushoto kama kuna "More details" bonyeza, halafu juu kuna "Startup". Hapo ndo kuna orodha ya wote wanaojiwasha wenyewe ukiwasha mashine. Usiyemtaka mchague, "Disable".

Usiguse ya sauti, ya mtandao, antivirus, na ile ya kuchomolea flashi. Hiyo ya flashi kwa steshenari iweke mbele kabisa ionekane, watu wanachomoa flashi kama wanachomoa kitunguu, baadaye faili halifunguki anakwambia mashine yako ina virusi.

cyber_ya_ghorofa

Niaje wasee. Mzee wa solda ameongea poa, mimi niongeze kidogo juu niko na cyber huku Nakuru, mashine nane, na hii story naijua vizuri. Usafishe vile unataka leo, ukiwaacha wateja kwa akaunti yako kesho kutwa itajaa tena. Wateja wanabandika vitu bila kujua, mtu anaburuta aikoni kutoka deskitopu anaiangusha hapo chini inajibandika, ameenda. Mwaka mmoja siku za mwisho za returns za KRA, ile mamlaka ya kodi ya Kenya, si mnajua deadline ni 30 Juni na Wakenya wote wanangoja hiyo wiki, foleni ilikuwa mpaka ngazi, nikikuja kuangalia jioni mashine nambari tatu ilikuwa na Chrome imebandikwa mara nne.

Kile unafaa kufanya, tengeneza akaunti ya pili ya wateja, iwe ya aina ya kawaida, isiwe ya admin. Hizi aikoni za kubandika kila akaunti ina zake, wakichafua yao yako haiguswi. Na mtu hawezi kuinstoo programu ya mashine nzima bila pasiwadi yako. Hapo kwa akaunti yao wewe bandika vitu vitatu pekee, Word, brauza na ile ya PDF, imeisha.

Kuna wenye wanatumia Deep Freeze, ukirestati kila kitu kinarudi vile kilikuwa. Ni nzuri lakini uchunge. Mimi niliiweka bila kuacha sehemu ya kusevu, jamaa mmoja akakaa masaa mawili anaandika CV, akasevu kwa deskitopu, stima ikapotea. Stima kurudi CV hakuna. Nilimwandikia upya mimi mwenyewe na chai nikamnunulia.

dada_wa_rimu

Jamani asanteni, mzee wa solda Mungu akubariki sana. Nimefanya usiku huu baada ya kufunga, nimekaa na simu mkono mmoja nasoma huku nabonyeza. Kiwingu hakipo!! Kamera haipo. Excel imerudi. Ila vimebaki vitatu vinanisumbua.

1. Ile nyeupe kama karatasi, nikiibonyeza kwa kulia inakaa kidogo halafu hakuna orodha.
2. Zile brauza mapacha, nikiondoa moja nikifungua Chrome inatokea tena nyingine pembeni.
3. Kuna kitu chekundu karibu na saa kina herufi kama P, nimekificha, nimewasha mashine upya, kimo tena kwenye kamshale, na kinaleta kibao "your PC has 1,204 issues". Kweli mashine yangu ina matatizo elfu moja mia mbili??

sindimba77

Haina hata moja dada. Hiyo ni biashara ya woga, kinakuhesabia vitu vya kawaida kabisa vilivyoko kwenye kila kompyuta halafu kinakuuzia dawa. Usibonyeze "Fix now" na usiweke namba ya kadi popote. Toa hicho kitu chenyewe, siyo aikoni yake.

Namna ya kumpata mwizi na ndugu zake: ingia Settings, "Apps", juu ya orodha kuna "Sort by", badilisha iwe "Install date". Sasa programu zitajipanga kwa tarehe. Tafuta hicho cha P kiko tarehe ngapi, halafu angalia waliokuja nacho siku hiyohiyo. Haya madude huwa hayaji peke yake, yanakuja na lifti ya programu ya bure uliyodaunlodi mwenyewe, wakati wa kuinstoo kuna vitiki vimeshawekwa tayari na sisi wote tunabonyeza Next Next Next kama tunafukuzwa. Aninstoo hicho na wenzake usiowajua.

Kuhusu mapacha, mara nyingi siyo virusi. Ile aikoni iliyobandikwa ni njia ya mkato ya zamani na Windows haijui kwamba ni Chrome ileile, kwa hiyo ukifungua inaona kama ni kitu kipya inakuwekea ya pili. Ondoa zote mbili, fungua Chrome kwa kutafuta jina, ikiwa wazi ndo ubandike hiyo. LAKINI kabla hujaondoa fanya hivi: bonyeza kulia juu ya hiyo aikoni, kwenye orodha inayotoka bonyeza kulia tena juu ya neno Google Chrome, halafu "Properties". Angalia boksi la "Target". Linatakiwa liishie na chrome.exe na alama za kufunga. Ukikuta baada ya hapo kuna anwani ya tovuti imeunganishwa mkiani, hapo umeshapata sababu kwa nini brauza yako inafungukia ukurasa wa ajabu.

mzee_wa_solda

Sindimba umemaliza. Nijibu ile nyeupe.

Hiyo ni mzimu dada. Programu ilishafutwa zamani, kibao chake kikabaki kinaelekeza kwenye kiwanja kitupu, ndo maana haina picha. Kawaida ukiibonyeza kwa kushoto Windows inakuuliza kwamba hiki kitu kimehamishwa au kimefutwa, nikiondoe? unasema "Yes" kimeisha. Yako inagoma, basi jaribu kwanza kumrestati huyo anayechora huo mstari: Ctrl Shift Esc tena, kwenye "Processes" mtafute "Windows Explorer", mchague, chini kulia bonyeza "Restart". Skrini itapepesa, mstari utapotea sekunde mbili utarudi, usishtuke. Mara nyingi baada ya hapo orodha inakubali kutoka.

Ikigoma bado, bonyeza alama ya Windows pamoja na R, kwenye kaboksi weka hii kama ilivyo:

%AppData%\Microsoft\Internet Explorer\Quick Launch\User Pinned\TaskBar

Itafunguka folda yenye njia zote za mkato ulizobandika. Msishangae folda kuitwa jina la brauza iliyokufa, ni urithi tu, zamani vile vidude vya kufungulia haraka vililetwa na Internet Explorer 4 kabla hata ya Windows 98, mpaka leo njia ni hiyohiyo. Ifute hiyo isiyoeleweka, urudie kumrestati Explorer. Kuna hatua nyingine ya kuingia kwenye rejista, yaani daftari la mipangilio ya Windows, kufuta kitu kinaitwa Taskband, hiyo inafuta kila ulichobandika unaanza upya, siiandiki hapa nikamwona mtu kesho analia. Ukifika huko nitafute kwanza.

kipepeo_mweupe

Samahani naingilia. Mimi ni Windows 11, nikibonyeza kulia chini naona maneno mawili matatu tu, hivyo vya News na Cortana mnavyosema sivioni. Na aikoni zote zimekaa katikati kama harusi.

sindimba77

Kwenye 11 walihamisha. Ukibonyeza kulia sehemu tupu unapata "Taskbar settings", ingia. Juu utaona swichi za Task view na Widgets, zima, na Search ina machaguo yake, weka "Hide" au aikoni tu. Ile Widgets ndo kiwingu cha dada kimebadilisha jina. Chini kuna "Other system tray icons" hizo ni za karibu na saa. Kuzitoa katikati shuka mpaka "Taskbar behaviors", "Taskbar alignment", weka "Left". Unpin ni ileile haijabadilika.

Gheto_Tech

Na bado nasema, Windows 10 wameacha kuipa apdeti za bure za usalama tangu 14 Oktoba 2025. Mtamsafishia aikoni mpaka zing'ae, mashine bado ni ya zamani. Ofa yangu iko palepale.

mzee_wa_solda

Hapo kwenye tarehe uko sahihi, ila mashine nyingi za namna hiyo hazipokei 11 kwa sababu ya prosesa na TPM (kachipu ka usalama), utampigia nini, 10 nyingine? Dada kuna mpango wa apdeti za ziada unaitwa ESU, angalia kwenye Settings sehemu ya Windows Update kama unakuletea kiungo cha kujiunga. Hiyo ni mada nyingine, fungua uzi wake tutakuja.

dada_wa_rimu

Mrejesho wakuu. Nimefanya ile ya kupanga kwa tarehe. Kile cha P kimekuja tarehe ileile na programu ya kugeuza PDF kuwa Word, na nikakumbuka kabisa siku yenyewe, kuna mwanafunzi alikuja na ripoti ya field ipo PDF anataka ibadilishwe na anawahi basi, nikaidaunlodi ya kwanza niliyoiona nikabonyeza Next zote. Shilingi elfu mbili alinilipa. Walikuja wanne siku hiyo, mmoja ni brauza ambayo ndo ilikuwa inajifanya pacha wa Chrome, ina rangi zilezile, nikisoma jina vizuri siyo Chrome. Kwa hiyo pacha wangu alikuwa wa kambo. Nimeaninstoo wote, nimewasha mara tatu, hakuna aliyerudi. Nikaangalia na ile Target ya Chrome yenyewe, iko safi.

Nyeupe imeondoka baada ya kumrestati yule Explorer, skrini ilivyopepesa nilishika kifua japo mliniambia.

Akaunti ya wateja nimetengeneza, asante sana kaka wa Nakuru. Sijaweka hiyo ya kugandisha, hadithi ya CV imenitosha.

Sasa hivi upande wangu wa kushoto ziko sita tu.

cyber_ya_ghorofa

Poa sana. Sasa zipange, ziburute tu kwa mausi. Ile iko ya kwanza kushoto inafunguka ukibonyeza alama ya Windows na 1, ya pili na 2, inaenda hivyo mpaka 9. Mimi mashine ya kaunta 1 ni skana, sishiki mausi kabisa kukiwa na watu.

dada_wa_rimu

Hiyo sikuijua! Nimeweka Excel iwe 1. Kuna mtu anadaiwa rimu mbili tangu mwezi wa tatu, amepita leo kutoa kopi, kabla hajamaliza salamu nilishafungua jina lake. Amelipa moja.